KONA YA NENO: Natija ya Bibi

Safari hii neno letu limenikuta mbali: Dima wa Tayyin, wilaya ya milima na mabonde katika Sharqiya Kaskazini, nchini Oman. Sharqiya ni mojawapo ya sehemu walikotoka Waarabu wengi waliohamia Zanzibar na bara. Baada ya mapinduzi ya 1964, na hasa kuanzia 1970, wengi wao pamoja na watoto wao walirudi Oman. Ndiyo maana huko waweza kumkuta bibi anayezungumza na majirani kwa Kiarabu, kisha akawagombeza wajukuu kwa Kiswahili cha Unguja.

Nilikuwa mgeni katika nyumba kama hiyo. Bibi alikuwa ametolewa damu hospitali kwa ajili ya vipimo, na sote tulikuwa tunangoja. Mjukuu wake, aliyezaliwa na kusomea hukohuko, akapiga simu kuuliza. Alipomaliza akamwambia, "Bibi, hakuna natija."

Bibi akaweka kikombe cha kahawa chini. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mwanangu, kama hakuna natija, msinihangaishe tena na madawa."

Kijana alishangaa. Alichotaka kusema ni kwamba majibu hayajatoka. Katika Kiarabu, natija ni kile kinachopatikana mwishoni, kiwe chema au kibaya. Hata mwanafunzi aliyefeli ana natija yake. Kiswahili kiliazima neno hilohilo, lakini kikalivuta upande wa heri. Tukisema "kazi ile haina natija", tunamaanisha haina faida, ni jasho la bure. Kwa hiyo bibi alisikia kwamba matibabu yake hayafai kitu.

Nikamwambia, "Bibi, anasema majibu bado." Akacheka. "Si angesema majibu!"

Na hapo ndipo penye somo. Mwingereza ana neno 'results', analipeleka shuleni, hospitali, uwanjani na kwenye uchaguzi. Sisi mtihani, mpira na kura tunavipa matokeo, lakini mgonjwa huenda kuchukua majibu, kwa sababu aliuliza swali kuhusu mwili wake. Anayemwambia mgonjwa "matokeo yako" hakukosea sarufi, ila amezungumza kama karatasi.

Tahadhari nyingine ni ya hospitali hiyohiyo. Daktari akisema kwa Kiingereza kwamba majibu ni 'positive', maana yake kilichotafutwa kimeonekana. Mkalimani akikimbilia "majibu mazuri", mgonjwa atashangilia ugonjwa.

Matokeo lenyewe limetokana na tokea, nalo tokea limetokana na toka. Ni ndugu wa karibu wa 'outcome' ya Kiingereza, ambayo nayo ni kile kilichotoka nje. Halisifu wala halilaumu. Ndiyo maana Tanzania ilipoanzisha mpango wake wa mwaka 2013, ulioigwa kutoka Malaysia, haikutosha kuuita Matokeo. Uliitwa Matokeo Makubwa Sasa. Sifa ilibidi iongezwe. Natija, kwa upande wake, huja na sifa yake mfukoni.

Bado kuna athari. Kwa Kiarabu asili yake ni alama iliyobaki, kama unyayo mchangani. Kwetu limeelemea upande wa madhara: athari za mafuriko, athari za dawa. Ukiandika "athari za elimu bora", msomaji atasita kidogo akitafuta ubaya uko wapi. Ni afadhali uandike manufaa, au natija.

Basi ukikutana na 'results' katika tafsiri yako, usifungue kamusi kwanza. Uliza: nani anangoja, na anangoja nini? Anayengoja jibu mpe majibu. Anayengoja kujua kilichotokea mpe matokeo. Aliyevuna faida mpe natija. Aliyeachiwa alama, hasa ya maumivu, mpe athari.

Siku ya pili majibu ya bibi yalitoka. Mjukuu aliyasoma kwenye simu, akatafakari, akachagua maneno yake taratibu: "Bibi, majibu yametoka. Huna ugonjwa."

Bibi akaitikia, "Alhamdulillahi. Hiyo sasa ndiyo natija."