Majitaka ya Uingereza: Kosa na Ufichaji wa Kosa

Tarehe 9 Julai 2021, mahakama iliyoketi katika mji wa Canterbury, kusini-mashariki ya Uingereza, iliitoza kampuni ya Southern Water faini ya pauni milioni 90. Kampuni hiyo ilikiri mashtaka 51. Kati ya mwaka 2010 na 2015 ilikuwa imemwaga majitaka mara 6,971 kinyume cha vibali vyake, katika majimbo ya Kent, Hampshire na Sussex ya Magharibi. Saa zote za umwagaji huo zikijumlishwa ni 61,704, yaani zaidi ya miaka saba. Uchafu huo uliingia mitoni na katika bahari ambamo watu huogelea na wavuvi huvuna chaza.

Hatuleti habari hizi ili kuwacheka wenzetu. Twazileta kwa sababu zina funzo kwa kila mji unaokunywa maji ya ziwa au mto ule ule unaopokea uchafu wake.

Kiwanda cha kusafisha majitaka hakimwagi maji kipendavyo. Hupewa kibali chenye mipaka: kiasi gani cha uchafu unaokula hewa ya oksijeni kinaweza kubaki ndani ya maji, kiasi gani cha amonia, na kiasi gani cha chembe zinazoelea. Huambiwa pia ni maji kiasi gani yapasayo kusafishwa kila sekunde kabla ya ziada ya mvua kuruhusiwa kupita. Mipaka hiyo haikuwekwa kwa mapambo. Amonia ikizidi, samaki hufa. Oksijeni ikiisha, mto huoza.

Ni kweli kwamba hata kiwanda chenye uongozi mwema huweza kuvuka mpaka. Mvua kubwa hujaza mabomba. Umeme hukatika na pampu za hewa husimama. Mwenye karakana humwaga asidi usiku, na vijidudu vinavyokula uchafu hufa vyote. Hilo ni kosa, na dawa yake yajulikana. Msimamizi hana budi kuiarifu mamlaka ya mazingira mara moja, kuwaonya watumiao maji upande wa chini, kutafuta chanzo, kukitengeneza, kisha kupima tena mpaka ithibitike kwamba maji yamerudi katika kiwango.

Yaliyotendeka huko Uingereza yalikuwa ya namna nyingine. Jaji alieleza kwamba makosa yalitendwa kwa makusudi. Badala ya kusafisha maji yote yaliyotakiwa na kibali, matangi ya akiba ya mvua yaliachwa yakijaa mpaka maji yakaoza, kisha yakafunguliwa baharini. Na mwaka 2019, Ofwat, chombo kinachosimamia kampuni za maji, kilikwisha kufichua hila iliyo mbaya zaidi: katika baadhi ya viwanda, siku ya kuchukua sampuli ilipowadia, mtiririko ulizuiwa au majitaka yakachukuliwa kwa magari, ili mpimaji asikute maji ya kupima. Kwa ajili hiyo kampuni ilitakiwa kulipa pauni milioni 126, sehemu kubwa ikirudishwa kwa wateja wake.

Hila hiyo iliwezekanaje? Jibu ni kwamba kampuni zilikuwa zikijipima zenyewe. Mwanafunzi alipewa karatasi ya mtihani, majibu, na kalamu nyekundu ya kusahihishia. Mpaka ulioandikwa katika kibali, uwe mkali namna gani, hauna nguvu kupita uaminifu wa yule anayejaza chupa ya sampuli.

Tena, faini peke yake haitoshi. Mwezi Mei 2025 kampuni nyingine, Thames Water, nayo ilitozwa pauni milioni 122.7. Ikiwa kutengeneza tangi ni ghali kuliko kulipa faini, mwenye kutafuta faida atalipa faini na kuendelea. Ndiyo maana sheria iliyopitishwa huko mwezi Februari 2025 iliweka kifungo cha hadi miaka miwili kwa wakubwa wa kampuni wanaozuia uchunguzi. Twaona hapo wamegusa shina la tatizo, kwani waliadhibu ufichaji wenyewe, na waliadhibu mtu badala ya jina la kampuni tu.

Je, sisi? Hapa Kampala, maji yatokayo katika kiwanda cha Bugolobi hufuata mfereji wa Nakivubo mpaka Ghuba ya Murchison, na kutoka ghuba hiyo hiyo, huko Ggaba, mji huchota sehemu ya maji yake ya kunywa. Shirika moja la umma ndilo lisafishalo pande zote mbili. Lisidhaniwe kwamba mali ya umma haihitaji jicho la umma. Pale mmwagaji na mchotaji ni mmoja, sampuli yapasa kuchukuliwa na mkono mwingine, bila kupiga hodi kwanza, na matokeo yatangazwe kwa wananchi.

Pia msimamizi anayejitokeza siku ile ile na kusema, "Tumevuka mpaka," asitendewe sawa na yule aliyefunga bomba ili asipimwe. Tukiwaadhibu wote wawili kwa kipimo kimoja, tutakuwa tumewafundisha wote kunyamaza. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humfichua. Kifo hicho, ndugu wasomaji, huanza na samaki, lakini hakiishii kwao.