Umahiri wa Silaha: Nyota Tano na Mbuzi Kwenye Gunia

Kama umewahi kucheza Baldur's Gate II kwenye tarakilishi yako, bila shaka unaikumbuka ile skrini ya nyota. Mchezo haujaanza, hujamwona adui hata mmoja, na tayari unaulizwa: shujaa wako atakuwa mahiri wa silaha gani? Upanga mrefu? Shoka? Mkuki? Unaweka nyota zako, unabofya, basi. Ukishaziweka huziondoi.

Mchezo huu naupenda sana. Lakini leo nasema wazi: sheria hii, jinsi ilivyowekwa humo, si ya haki.

Kwa wale ambao hawajacheza michezo ya aina hii, maelezo mafupi. Unaunda mhusika, awe mpiganaji, mchawi, kasisi au mwizi, kisha unamwongoza kwa makumi ya saa. Kila anapopiga, programu inarusha dadu yenye nyuso 20, na umahiri wake unaongeza au kupunguza hesabu hiyo. Mchezo unafuata sheria za Advanced Dungeons & Dragons, toleo la pili la mwaka 1989. Humo mpiganaji akishika silaha asiyoijua anapunguziwa 2, mwizi na kasisi 3, na mchawi 5. Hebu piga hesabu: 5 katika 20 ni robo. Yaani katika marusho 20, matano ambayo yangempata adui yanapotelea hewani. Upande wa pili, mpiganaji halisi anaweza kufika nyota tano katika silaha moja, lakini nyota mpya anaipata kila baada ya ngazi tatu. Nyota ni mali adimu.

Sasa angalia tatizo. Baldur's Gate ya kwanza, ya mwaka 1998, iligawa silaha katika makundi manane tu. Nyota moja ya panga kubwa ilikutosha kwa upanga mrefu na hata ule wa mikono miwili. Toleo la pili lilipotoka mwaka 2000, makundi yalivunjwa. Upanga mrefu ukawa na nyota zake, wa mikono miwili zake, na katana zake.

Kwenye karatasi inapendeza, chaguo ni nyingi. Lakini hazina za mchezo hazikugawanywa sawasawa. Aliyechagua rungu la mnyororo anaweza kuiunda Flail of Ages mapema, katika ngome ya de'Arnise. Aliyechagua katana anaweza kuipata Celestial Fury ndani ya mji wa Athkatla wenyewe. Aliyechagua mkuki? Kwa maoni yangu, mapema hivyo hapati kitu cha kulinganishwa na hizo mbili. Kosa lake ni nini? Hakuna. Aliulizwa swali ambalo jibu lake lilikuwa limefichwa pangoni. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Sheria hii ilitoka wapi? Ilitoka mezani. Dungeons & Dragons ilianza mwaka 1974 kama mchezo wa karatasi, penseli na dadu, na pale mezani hukaa mtu mmoja anayesimamia hadithi. Ukimwambia shujaa wako ni bingwa wa mkuki, msimamizi anasikia. Wiki inayofuata anaweza kukuwekea mkuki wa ajabu penye upanga. Hiyo ndiyo iliyoifanya sheria iwe ya haki: kulikuwa na binadamu wa kuisawazisha. Watengenezaji wa programu walichukua sheria, wakamwacha msimamizi. Tarakilishi haijali nyota zako. Hazina ilipangwa kabla hujanunua mchezo.

Sisi tunaoandika programu tunaujua ugonjwa huu. Unahamisha utaratibu wa ofisi kwenye mfumo, unasahau yule karani aliyekuwa akirekebisha mambo kimyakimya, halafu unashangaa watumiaji wakilalamika.

Najua wapo watakaosema chaguo lisilouma si chaguo. Nakubaliana nao. Anayejua kwamba silaha fulani ni adimu na bado akaichagua ni shujaa, mwacheni aumie kwa raha zake. Lakini asiyejua hakuchagua, alibahatisha. Ndiyo maana wachezaji wengi husoma miongozo kabla hata ya kumpa mhusika wao jina. Mchezo ukikulazimisha kuusoma mwisho wake ili uweze kuuanza, umeshindwa kazi yake.

Wengine walijaribu njia tofauti. Neverwinter Nights ya mwaka 2002 ilifunga mlango kabisa: huna umahiri, huishiki silaha. Huo nauona ni ukali usio na faida. Morrowind, ya mwaka huohuo, ilifanya vizuri zaidi: ujuzi unakua kwa kutumia silaha, au kwa kumlipa mwalimu. Ukibadili mawazo unarudi nyuma, lakini njia ipo. Skyrim ya mwaka 2011 ikapunguza mno: mkono mmoja, mikono miwili na upinde, basi. Hapo shoka na upanga karibu vinakuwa ndugu mapacha.

Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023 imenifurahisha zaidi. Ukikosa umahiri unapoteza nyongeza ya dadu na mapigo maalumu ya silaha hiyo, lakini huzuiwi kuishika. Na ukitaka kumpanga upya mhusika wako, unamlipa Withers vipande 100 vya dhahabu.

Hata ule mchezo wa mwaka 2000 ungeweza kutibiwa kirahisi. Pale Athkatla yupo mhunzi, Cromwell, ambaye tayari anaunganisha vipande kuwa silaha za ajabu. Angeruhusiwa kuugeuza upanga wako wa hazina kuwa mkuki, kwa bei ya kuuma, shida ingeisha. Gharama ingebaki, haki ingepatikana.

Kwa hivyo ombi langu kwa wanaounda michezo, hasa vijana wetu wanaoanza sasa: toza bei, usifunge mlango. Na kabla ya kumwuliza mchezaji swali lisilo na kurudi nyuma, jiulize kama umempa cha kujibia.

Wewe je, nyota zako uliziweka wapi?