Mama Pauline baada ya picha ile



Tarehe 23 Desemba inakaribia. Siku hiyo, mwaka 2014, Mama Pauline Opango alifariki usingizini kule Kinshasa. Alikuwa na miaka 77. Habari zilimtaja "mjane wa Lumumba", na ni kweli, alikuwa mjane wa Lumumba. Lakini hesabuni wenyewe: alikuwa mke kwa miaka isiyofika kumi, na baada ya hapo akaishi karibu miaka 54 mingine. Katika miaka hiyo alilea, alihama nchi, alirudi, alizeeka, akawa koko. Juma hili tunataka kumkumbuka yeye mwenyewe.

Alizaliwa mwaka 1937 kule Wembo Nyama, Sankuru, kwa jirani zetu wa upande wa magharibi. Alikuwa Mtetela, na hapa Kindu ni nani asiye na shemeji au wifi wa Kitetela? Mume wake naye hakuwa mgeni wa Maniema. Kabla ya kufika Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, alifanya kazi Kalima katika kampuni ya madini ya Symétain. Mwaka 1951 Pauline akapelekwa Stanleyville kuolewa na karani huyo wa posta. Alikuwa na miaka 14.

Hapo sisi walimu tunasimama kidogo. Msichana wa miaka 14 ni yule anayekaa mbele yetu darasani, na kaye yake imechorwa maua pembeni. Leo sheria ya nchi yetu inakataza ndoa kabla ya miaka 18, na inafanya vema. Tunamheshimu sana mama huyu, ila ndoa ya namna ile hatuiombei binti wa mtu yeyote.

Maisha ya nyumba ile hayakuwa mepesi. Mume alikuwa mtu wa vitabu, wa mikutano, wa safari. Mwaka 1956 alifungwa gerezani, na mke alikuwa na miaka 19 na watoto wadogo. Nyumbani mwao alikuwepo pia François, mzaliwa wa mama mwingine. Wamama wanaolea watoto ambao hawakuwazaa wanajua kazi hiyo, na wanajua pia kwamba hakuna anayeitaja siku ya sifa.

Ukaja mwaka 1960. Juni 30 uhuru, Lumumba ni Waziri Mkuu. Septemba ameondolewa. Muda mfupi baadaye nyumba yao ya Léopoldville imezungukwa na askari. Watoto wakubwa, François, Patrice na Juliana, walipelekwa Cairo kwa ulinzi wa Rais Nasser. Roland, mdogo, alibaki na wazazi. Mwaka huo huo Mama Pauline alifiwa na mtoto mchanga, Marie-Christine. Vitabu vya historia vikiutaja msiba huu, huutaja kwa mstari mmoja tu.

Usiku wa tarehe 27 Novemba Lumumba alitoroka kuelekea Stanleyville. Mke na Roland walikuwa pamoja naye njiani. Mwanzo wa Desemba walifika Lodi, kwenye mto Sankuru. Inasimuliwa kwamba Lumumba alikuwa amekwisha kuvuka, na mama na mtoto walibaki ng'ambo wakingoja mtumbwi urudi kuwachukua. Ninyi mnaovuka Lualaba kila asubuhi kutoka Alunguli kwenda soko la Kasuku, mnajua kungoja mtumbwi kulivyo hata siku ya amani. Askari wakafika wakati ule. Mume alipoona hivyo akarudi, akakamatwa.

Aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Mke wake hakuambiwa. Tangazo lilikuja karibu mwezi mmodi baadaye, tarehe 13 Februari, tena likiwa na uongo ndani yake. Ndipo Mama Pauline alipotoka barabarani, kifua wazi kama desturi ya kilio, akifuatana na waombolezaji, akaenda hadi kwa watu wa Umoja wa Mataifa kuomba asaidiwe kuupata mwili wa mume wake. Alikuwa na miaka 24. Wapiga picha walikuwepo, na picha ile ikazunguka dunia nzima.

Picha hiyo tumeiona wengi. Kinachotuuma ni kwamba kwa watu wengi yeye alibaki pale pale barabarani, mwenye miaka 24, analia. Hakuna anayeuliza jioni ile alirudi wapi, nani alimpa maji, Roland alilala kwa nani.

Tunayoyajua ya baadaye ni machache. Alikwenda Misri kwa watoto wake. Fikirini mama wa Wembo Nyama katika Cairo, watoto wanaanza kuota kwa Kiarabu! Hakuolewa tena. Baadaye akarudi Kongo, akakaa Kinshasa. Binti yake Juliana alikuwa waziri wa utamaduni wakati wa Rais Laurent-Désiré Kabila. François naye aliingia siasa. Watoto wa mtu aliyeuawa namna ile walikua, wakasoma, wakasimama. Jambo hilo halitokei lenyewe.

Na mwili? Hakuupata kamwe. Miaka mingi baadaye ilijulikana kwamba polisi wa Kibelgiji waliuharibu kwa asidi, na mmoja wao aliweka jino. Mama Pauline alikufa mwaka 2014 bila kuzika chochote. Jino lilichukuliwa na mahakama ya Ubelgiji mwaka 2016. Tarehe 30 Juni 2020 Juliana alimwandikia mfalme wa Ubelgiji barua, akidai mabaki ya baba yake yarudishwe nyumbani. Neno alilolidai binti kwa kalamu ndilo alilolidai mama kwa miguu yake mwaka 1961. Tarehe 20 Juni 2022 jamaa walikabidhiwa jino kule Brussels, likapitishwa Sankuru, Kisangani na Katanga, likazikwa Kinshasa tarehe 30. Watoto walikuwepo. Mama yao alikuwa amekwisha kuondoka miaka saba na nusu.

Mji wetu una habari yake ya namna hii. Novemba 1961, hapa Kindu, wanajeshi 13 Waitalia wa ndege za Umoja wa Mataifa waliuawa. Mwaka uliofuata mabaki yao yalipatikana Tokolote, yakarudishwa kwao, na leo wamelazwa Pisa. Mama zao walilia sana, lakini walipata mahali pa kuweka maua. Kati ya wamama wa chama chetu wako wenye waume au wana walioondoka wakati wa vita na hawakurudi, wala mwili, wala barua. Hao hatuhitaji kuwaeleza Mama Pauline alibeba nini.

Sasa tuje nyumbani. Kwenye matanga yetu, msemaji wa jamaa anaposimama kumsifu koko wa kike, sikilizeni vizuri. Atasema alikuwa mke wa fulani. Atasema alizaa watoto tisa, wanaishi sita. Atasema alipenda maombi. Halafu anakaa, na watu wanaulizana kama chakula kimeiva. Kwa mzee wa kiume tunasikia alifanya kazi wapi, aligombana na chefu gani, alinunua parsele mwaka gani. Hatuoni sababu ya haki kwa tofauti hii. Hao wamama nao waligombana, waliuza, walikopesha, walikimbia vita na watoto mgongoni, walichagua mahali pa kulala usiku ule na walichagua vizuri, ndiyo sababu sisi tuko hapa.

Mwezi uliopita tuliwapa wanafunzi wa darasa la sita kazi ya kuandika maisha ya koko mmoja wa kike. Wengi walileta mistari mitatu. Msichana mmoja alileta kurasa mbili. Koko wake aliuza samaki wa kukauka kwenye stesheni, akikopesha wasafiri wa gari la moshi la Lubumbashi, na kwa kuwa hakujua kuandika, kila deni alilifunga fundo kwenye kamba. Mume alipokufa, watu walifikiri deni zimekufa pamoja naye. Koko akatoa kamba. Mtoto aliyajua hayo kwa sababu aliuliza, na aliuliza kwa sababu mwalimu alidai. Wazazi wake mwenyewe walikuwa hawajui.

Kwa hiyo tumenunua kaye kubwa ya kurasa 200. Iko kwa mama katibu. Kila jamaa inayo nafasi yake, na tunaomba mwandike wakati koko bado yuko, akiwa na nguvu ya kuwakosoa. Muulizeni alipokuwa na miaka 24 alikuwa wapi. Muulizeni jina lake la utoto, na aliyempa. Wasiojua kuandika waje Jumamosi baada ya mkutano, sisi tutashika kalamu. Lugha ni yoyote: Kiswahili, Kisonge, Kikusu, Kilega, Kitetela, mradi yupo wa kutusomea.

Tutaanza na koko wa kamba. Yungali hai, anakaa Mikelenge, na amekubali. Mjukuu wake ametuambia tufike asubuhi, maana jioni huwa amechoka na hapendi kuulizwa maneno.