MCHAGUA JEMBE SI MKULIMA

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Nimeona niutumie msemo huo kutoa maoni yangu juu ya jambo lililozua mjadala mkali katika chama chetu mwaka huu. Sote tulikubaliana kwamba toleo lijalo liwe na kurasa za picha za viumbe wadogo wa mitaani kwetu: majimoto, buibui, jongoo, vunjajungu na kaa wadogo wa kwenye mikoko ya Mikindani na Mtongwe. Tulipoachana ni kwenye vifaa. Baadhi ya wenzangu wanasema tusubiri, tuchange mpaka tufikishe pesa za kamera moja kubwa pamoja na lenzi yake maalumu ya kupigia vitu vidogo kwa karibu. Mimi napinga. Nasema anayeanza anunue kidogo, apige sana, na chama nacho kifanye vivyo hivyo.

Kwanza tujiulize, picha hizi ni za nini? Si za urembo tu. Pale Bamburi, mashimo yaliyochimbwa mawe ya kutengenezea saruji yalibaki kama jangwa jeupe. Mwaka 1971 Mswisi mmoja, René Haller, alianza kupanda miti humo. Mivinje ilishika, lakini majani yake makavu yalirundikana chini bila kuoza. Waliogeuza majani hayo kuwa udongo hawakuwa watu wala matrekta. Ni jongoo! Waliletwa, wakala yale majani, na kinyesi chao kikawa mbolea. Leo mahali hapo ni msitu wenye twiga na viboko, nao unaitwa Haller Park. Sasa niambieni, ni wangapi kati yetu wamewahi kumtazama jongoo usoni? Twamwona njiani, twampiga teke.

Na majimoto je, ambao kila mkwezi wa minazi anawalaani? Hao hushona majani kwa uzi unaotoka kwa watoto wao, tena huwafukuza wadudu wanaofyonza na kuharibu nazi changa. Picha moja safi ya majimoto aliyemshika mtoto wake mdomoni kama sindano itatufundisha mengi kuliko kurasa kumi za maelezo. Basi tukisubiri kamera kubwa, tutamaliza Kidato cha Nne hatujaipiga.

Sikatai kwamba kamera kubwa hutoa picha nzuri zaidi. Lakini kamera ya aina hiyo na lenzi yake, hata ikiwa ya mtumba, ni makumi ya maelfu ya shilingi. Tena itakaa wapi? Sote tunajua: kabatini, na ufunguo kwa mwalimu. Wanachama wawili watatu watajifunza kuitumia, sisi wengine tutabaki kuwashikia mikoba. Hebu sasa nieleze ni vifaa gani hasa vinamtosha anayeanza.

Tuanze na simu. Najua mtauliza, kwani simu si marufuku shuleni? Ni kweli, na sisemi tuzilete. Sisi ni wanafunzi wa kutwa. Jioni na Jumamosi tuko nyumbani, na simu ya mama au ya kaka ipo, mradi uiombe kwa adabu. Ila usimsumbue mzazi akununulie simu mpya kwa sababu tu nyuma yake ina macho manne. Simu nyingi za bei nafuu zilizotoka tangu 2020 ziliwekewa jicho dogo la karibu lenye pikseli milioni 2 tu, na picha zake ni kama umetazama kupitia kifumbu cha tui. Jicho kuu la simu hiyo hiyo ndilo lenye nguvu. Shida yake ni moja: ukilisogeza karibu sana na kitu, picha inafifia.

Hapo ndipo inapoingia lenzi ya kubana. Ni kioo kidogo chenye kibanio kama kile cha kuanikia nguo, nawe unakibana juu ya jicho kuu. Bei yake ni shilingi mia kadhaa. Zile za bei rahisi aghalabu huja vipande viwili vilivyounganishwa kwa hesi: cha juu ni cha kupanua mandhari, cha chini ndicho cha karibu. Wengi hawajui, wanapiga na vyote viwili, kisha wanasema wameuziwa kitu bandia. Fungua kile cha juu, ukitie mfukoni. Wala usivutwe na namba kubwa iliyoandikwa kwenye pakiti. Lenzi inayokuza mno hukulazimisha usogee mpaka sentimita 2 au 3. Kivuli cha simu kinamfunika mdudu, naye huyo anaruka. Kwa majimoto ni hatari zaidi, maana atakuja kukusalimia mkononi. Chukua iliyo ya wastani.

Simu pia ina faida ambayo wenzangu hawaisemi. Kihisi, yaani sehemu ya ndani inayopokea picha, kina upana wa milimita 23 hivi katika kamera nyingi kubwa za wanaoanza. Cha simu ni milimita chache tu. Kwa hiyo sisimizi mdogo anaweza kuijaza picha ya simu bila kukuzwa sana, na sehemu kubwa ya mwili wake ikaonekana wazi. Kwenye kamera kubwa, akiijaza picha hivyo, mara nyingi utaona jicho tu, miguu yote ni ukungu.

Asiye na hata hizo mia kadhaa aende kwa fundi wa redio mtaani, aombe mashine ya DVD iliyokufa. Ndani, pale panaposomea sahani, mna kilenzi kidogo sana. Kikitolewa taratibu na kubandikwa kwa seloteipu juu ya jicho la simu, kinafanya kazi ile ile. Mtu asicheke. Katika miaka ya 1670 Antoni van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa kule Delft, Uholanzi, alitumia kilenzi kimoja kidogo alichokitengeneza mwenyewe, akaona ndani ya tone la maji viumbe ambao hakuna aliyewajua.

Kifaa cha tatu hakiuzwi dukani, nacho ni mwanga. Toka asubuhi mapema, mdudu akiwa bado na umande mgongoni; wakati huo ni mzito, haendi mbali. Jua la saa sita ni kali na vivuli vyake ni vyeusi. Likingie kwa kitambaa chepesi cheupe, hata kipande cha kanzu kuukuu, na upande wa kivulini simamisha karatasi ya daftari irudishe nuru. Wakati wa kusi upepo hutikisa kila jani, basi lishike tawi kwa kibanio cha nguo kilichofungwa kwenye kijiti. Badala ya stendi ya miguu mitatu, laza simu juu ya kifuko cha mchanga, kisha weka saa yake ya kuhesabu sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise. Vyote hivi havifiki nauli ya matatu.

Na aliye na kamera nyumbani, labda ya mjomba aliyetoka Uarabuni, asikimbilie lenzi ghali. Anunue pete za kurefushia, ambazo ni mabomba mafupi yasiyo na kioo ndani, yanayokaa kati ya kamera na lenzi. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya urefu wa pete kwa namba ya lenzi. Pete za milimita 25 kwenye lenzi ya milimita 50 huongeza ukuzaji wa nusu. Za milimita 50 hukupa ukubwa sawa na wa mdudu mwenyewe. Lakini aangalie, pete za bei ya chini kabisa hazipitishi umeme, na lenzi nyingi za kisasa haziwezi kurekebishwa tundu bila umeme huo. Na akinunua lenzi ya mtumba hapa pwani, aimulike kwa tochi kwanza. Unyevu wetu huotesha kuvu ndani ya kioo, nayo huonekana kama nyuzi za buibui.

Rai yangu kwa chama ni hii. Pesa tulizo nazo sasa, tununue lenzi za kubana kumi. Ziazimwe kama vitabu vya maktaba, kila mwanachama wiki moja, kwa zamu na kwa sahihi. Kila anayerudisha lenzi alete picha tatu na aya moja ya Kiswahili sanifu inayoeleza ni kiumbe gani, amemkuta wapi, na anafanya nini. Mwaka ukiisha tutakuwa na picha za Likoni, Kisauni na Changamwe za kujaza jarida, na tutajua ni nani hasa amefika mahali ambapo simu haimtoshi. Hapo nitakuwa wa kwanza kuchangia hiyo kamera kubwa.

Kwa sasa tusijidanganye kwamba kinachotuzuia ni vifaa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tuiname, wenzangu. Jongoo wako pale pale ukutani, wanangoja.