Ndege wa Uvira wana majina

Likizo ya kiangazi wengi wetu hushuka ufukweni Uvira, na kila chenye mabawa tunakiita “ndege ya maji”. Kamusi zinatupa shakwe, mnandi, mwari na kitwitwi, nasi hatujui yupi ni yupi. Lakini mama anayeanika ndagala Kalundu anamjua vizuri ndege anayemwibia, na ana jina lake kwa Kivira au Kifuliiru.

Ziwa lilipopanda mwaka 2024, nyumba nyingi za kando ya maji zilizama. Watu wakihama, majina huhama nao.

Kitivo cha lugha kisingoje fedha za utafiti. Mwishoni mwa Agosti vitwitwi huwa wameanza kufika mdomo wa Ruzizi kutoka Ulaya na Asia. Twende na daftari, tuulize, tuandike.