Ushuhuda na Uthibitisho



Wapendwa Taifa la Mungu, juma lililopita alinijia ofisini kijana mmoja wa kidato cha tatu, mwana wa parokia yetu, akiwa na karatasi saba mkononi. Mwalimu wake wa Baiolojia alikuwa amewaagiza wanafunzi waandike juu ya mmea mmoja unaotumika kama dawa, na wataje walikozipata habari zao. Yeye aliuchagua mwarobaini, mti ambao jina lake lenyewe ni dai: kwamba unatibu maradhi arobaini. Aliniomba nimsaidie kupanga maandishi yake, kwa kuwa, alivyosema, karatasi zake “zinagombana”.

Nilizisoma zote. Ya kwanza ilitoka kwa mtu auzaye unga wa majani hayo. Ya pili na ya tatu zilikuwa ile ile ya kwanza, imenakiliwa neno kwa neno chini ya majina mengine. Mbili zilizofuata zilikuwa shuhuda za watu waliosema wamepona kisukari. Majina yao yalikuwa nusu, na mahali wanapoishi hapakutajwa. Ya sita haikuwa na mwandishi wala tarehe. Ya saba ilikuwa tangazo dogo, nami nililitambua mara moja, kwa sababu lilisomwa humu kanisani mwetu baada ya Misa ya pili, kwa ruhusa yangu.

“Padre,” akaniambia kwa sauti ya chini, “mama aliposikia limetangazwa kanisani, aliacha vidonge vyake vya sukari.”

Wapendwa, sikuwa na la kumjibu. Siku ile nilidhani ninamsaidia mtu anayetafuta riziki, na sikumwuliza hata swali moja. Mimi niliyekaa seminarini miaka mingi nikifundishwa kutokubali hoja isiyo na msingi, nilikuwa chanzo cha saba katika kazi ya mtoto, na chanzo cha kwanza katika uamuzi wa mama yake. Jioni ile tulikwenda pamoja kumwona mama huyo, na kesho yake akaenda kliniki, ambako sukari yake ilikutwa imepanda sana. Amerudia vidonge. Unga wake bado anakunywa, ila sasa daktari anajua.

Sisi Wakatoliki tunazipenda shuhuda, na ni haki yetu, maana imani imetufikia kwa njia ya mashahidi. Lakini ushuhuda wa aliyekunywa dawa hutuambia jambo moja tu: kwamba alikunywa, kisha akajisikia nafuu. Hautuambii kama ni dawa iliyomponya, au ugonjwa ulipungua wenyewe, au alikuwa akimeza pia vidonge vya hospitali bila kusema. Wala hautuambii habari za wenzake waliokunywa wasipone. Hao hawaitwi kushuhudia, na waliofariki hawawezi.

Tuliliona jambo hili kwa macho yetu mwaka 2011, maelfu kwa maelfu walipopanda magari kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Simhukumu, alifariki mwaka 2021, na yuko mikononi mwa Mungu. Lakini wapo waliofia kwenye foleni kabla ya kukifikia kikombe, na wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wakiamini kwamba wamekwisha kupona. Nchi nzima ilisikia sauti za waliosema wamepona. Za hawa wengine zilisikika nyumbani kwao tu.

Nawaomba mlitazame Kanisa lenyewe linavyofanya. Kule Lourdes, Ufaransa, kuna ofisi ya madaktari tangu mwaka 1883, ambayo kazi yake ni kuwachunguza wanaosema wameponywa. Ugonjwa lazima uwe umejulikana kwa hakika kabla, kupona kuwe kwa ghafla, kukamilifu na kwa kudumu, na tiba aliyokuwa akipewa mgonjwa isiweze kukueleza. Kati ya watu zaidi ya 7,000 waliotoa taarifa za kuponywa, hadi mwaka 2018 ni 70 tu ambao Kanisa lilikuwa limetamka kuwa uponyaji wao ni muujiza. Yule wa 70, Sista Bernadette Moriau, alipona mwaka 2008, akangoja miaka 10 neno la askofu. Ikiwa Mama Kanisa humwomba Bikira Maria vyeti vya daktari (mnisamehe kwa utani huu), iweje sisi tusimwombe muuza unga?

Asije mtu akadhani kwamba ninaipigia debe hospitali dhidi ya mitishamba. Dawa iitwayo thalidomaidi ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1957 kama dawa salama ya usingizi, na wajawazito wakaimeza pia kwa kichefuchefu. Ilipoondolewa mwaka 1961, maelfu ya watoto walikuwa wamezaliwa na viungo pungufu. Nayo ilitengenezwa kiwandani, ikaandikwa na madaktari. Kwa upande mwingine, dawa ya mseto tunayopewa zahanati kwa ajili ya malaria asili yake ni mmea. Bibi Tu Youyou wa China aliupata mwongozo katika kitabu cha tiba cha karne ya 4, akaitoa nguvu ya mmea huo kwa moto mdogo, akaijaribu kwa wanyama, akainywa yeye mwenyewe kwanza, ndipo wakapewa wagonjwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Na bado Shirika la Afya Duniani halikubali tutibu malaria kwa chai ya mmea huo huo, kwa kuwa kipimo cha dawa ndani ya chai hakitabiriki, na kipimo pungufu huwafundisha vijidudu usugu.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anasema kwamba Bwana ndiye aliyeumba dawa kutoka ardhini, na anatutaka tusali na pia tumpe tabibu nafasi yake. Hasemi popote kwamba tumwamini kila auzaye.

Kijana wangu nilimwonyesha hivi. Tafuta mti kwa jina lake la Kilatini, Azadirachta indica, maana ndilo watafiti wote wanalolitumia (mnaona, Kilatini bado kina kazi). Tukaingia PubMed, maktaba ya tafiti ya Marekani isiyodai ada, na MedlinePlus, iliyoandikwa kwa Kiingereza chepesi. Tukatazama pia Cochrane, ambako watafiti hukusanya tafiti zote za swali moja na kuzipima kwa pamoja. Kwa mimea ya kwetu nilimwelekeza kwenye Taasisi ya Tiba Asili ya Chuo Kikuu cha Muhimbili. Kila mara nilimwuliza: huyu amejuaje? Alijaribu kwa watu wangapi, au kwa panya? Aliwalinganisha na nani? Anauza nini?

Saa mbili zikapita. Alikuta kwamba mwarobaini hufukuza wadudu kwelikweli, kwamba tafiti zake nyingi zimeishia maabara na kwa wanyama, kwamba zile za binadamu wenye kisukari ni chache na ndogo, na kwamba mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa. Hili la mwisho halikuwemo katika karatasi hata moja kati ya zile saba. Akaandika katika hitimisho lake: “Bado haijathibitishwa.” Akaniuliza kama mwalimu atamkata alama kwa kukosa jibu. Nikamwambia kwamba hilo ndilo jibu.

Kuanzia Jumapili hii, hakuna tangazo la dawa ya aina yoyote litakalosomwa baada ya Misa. Kompyuta ya ofisi ya parokia itakuwa wazi kwa wanafunzi kila Jumamosi kuanzia saa 4 asubuhi, na muuguzi mmoja wa jumuiya zetu ndogondogo amekubali kukaa nao. Na ye yote aliyenunua ule unga kwa sababu ya tangazo langu, ninamwomba radhi. Auchukue pamoja na vidonge vyake, avipeleke vyote viwili kwa daktari juma hili.

Paroko wenu.