Karatasi Haifungi Breki

Mwaka jana, Jumapili moja baada ya alasiri, mjukuu wangu alikuja nyumbani kwangu Kasingirima akanikuta barazani nasoma. Alinisalimu, akaketi mkekani, akaanza kuniuliza habari za mvua na bei ya dagaa. Nikajua ana neno. Kijana akianza kumwuliza babu yake bei ya dagaa, ujue kuna fedha zinatakiwa.

Mwisho akalitoa. "Babu, nimepata kazi ya lori. Tajiri anataka niwe na leseni ya magari makubwa kabla ya wiki ijayo. Kuna mtu anaweza kunitengenezea, ila nimepungukiwa kidogo."

Kijana huyu ameendesha bodaboda miaka minne kati ya Ujiji na Mwanga. Lori amelikalia mara chache, tena kama abiria. Nikamwambia, "Vema. Lakini mimi ni mwalimu, siwezi kutoa cheti kabla ya mtihani. Nitakuuliza maswali matatu. Ukipata mawili, fedha ni zako."

Swali la kwanza: umetoka Manyovu, umepakia maharage mpaka juu, umefika kichwa cha mteremko, utashukaje? Akajibu bila kufikiri kwamba ataondoa gia ili gari liteleze lenyewe, aokoe mafuta. Swali la pili: uko mwendoni, mshale wa geji ya upepo unashuka, maana yake nini? Akatazama mwembe. Swali la tatu: gari limekufa usiku katika kona; utafanya nini kwanza? Akasema, "Nitampigia simu tajiri."

Sikutoa fedha. Kesho yake mama yake, binti yangu wa pili, alikuja kunilaumu. "Baba, kila mtu anafanya hivyo. Unamzibia mtoto riziki." Neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, maana halikuwa la binti yangu peke yake. Ni neno la mji mzima.

Ndugu msomaji, huenda utaniuliza mwalimu wa shule ya msingi anajua nini juu ya malori. Nitakujibu, na jibu langu lina aibu ndani yake.

Nilitoka chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na nilistaafu nikiwa Mwalimu Mkuu. Katika miaka hiyo yote nilikuwa na msemo wangu, kama walivyokuwa nao walimu wenzangu wengi. Mtoto akishindwa hesabu nilimwambia mbele ya darasa, "Wewe kichwa chako hakifai, kawe utingo." Darasa lilicheka. Sikuwahi kufikiri kwamba mtoto niliyemhukumu hivyo ndiye atakayekuja kushika usukani wa gari lenye tani nyingi, na kwamba mbele ya gari hilo watavuka barabara wale waliofaulu pamoja na watoto wao.

Mmoja wao nilikutana naye miaka ya 1980. Nilikuwa Kalinzi kwa kazi ya shule, usafiri ukawa wa shida, nikapewa nafasi katika lori la mazao lililokuwa linarudi Kigoma. Dereva akanitazama, akacheka, akasema, "Shikamoo Mwalimu. Yule utingo wako ndiye huyu." Nilitamani ardhi ipasuke.

Tulipofika kichwa cha mteremko alisimamisha gari. Alishuka, akagonga matairi moja moja kwa chuma akisikiliza mlio, akaweka kiganja karibu na magurudumu kupima joto, akakaza kamba za mzigo. Utingo wake alisimama nyuma na gogo mkononi, tayari kulitupa chini ya gurudumu. Kisha akaingia, akaweka gia ile ile aliyopandia mlima huo siku iliyotangulia, tukaanza kushuka taratibu, injini ikinguruma. Nilimwuliza kwa nini hatumii breki. Akasema, "Mwalimu, injini ndiyo inayonishikia gari. Breki naigusa kidogo na kuiachia. Nikiikanyaga mfululizo itapata moto, na breki iliyopata moto haishiki kitu, hata ukiisimamia kwa miguu miwili."

Lilikuwa somo zuri la sayansi kuliko mengi niliyowahi kufundisha. Nikamwuliza kalisoma wapi. Akanijibu kwamba alikaa kando ya dereva mmoja mzee miaka sita akiwa utingo, na mzee yule hakumruhusu kushika usukani wenye mzigo mpaka alipoweza kueleza kila sababu.

Hapa ndipo ninapogombana na wazee wenzangu. Wao husema, "Udereva hausomwi, ni uzoefu tu." Nakubali nusu. Uzoefu wa zamani ulikuwa shule kamili: ulikuwa na mwalimu, ulikuwa na miaka, ulikuwa na mtihani, na aliyefeli aliendelea kubeba gogo. Shule hiyo tumeivunja. Leo kijana anashuka kwenye pikipiki Jumamosi, na Jumatatu yuko ndani ya lori akiwa na karatasi mfukoni. Hakukaa kando ya mzee wala hakukaa darasani. Basi huo uzoefu mnaousifu ataupatia wapi, kama si juu ya migongo ya watu?

Wapo wanaosema kwamba sheria ndiyo mbovu. Si kweli. Tunayo Sheria ya Usalama Barabarani tangu mwaka 1973. Dereva wa gari kubwa anatakiwa ajifunze, apimwe na polisi, ndipo Mamlaka ya Mapato impe leseni. Gari la uzito unaozidi kilo 3,500 halipaswi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na penye makazi ya watu ni 50. Tunayo pia sheria ya Afrika Mashariki ya uzito wa magari, iliyoanza kutekelezwa kwetu mwaka 2019, ambayo haimruhusu mtu kuzidisha tani 56 hata gari liwe na ekseli nyingi namna gani. Mahali pa kusomea pia hapakosekani: Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kipo tangu mwaka 1975, na vyuo vya VETA vimefika hadi huku kwetu. Kinachokosekana ni sisi kuamini kwamba elimu hiyo ni elimu.

Kijana akikariri kwamba mwisho ni 80 bila kujua sababu, atalivunja katazo hilo pindi trafiki akiwa hayupo. Mwambie sababu. Ukizidisha mwendo mara mbili, kazi ya kulisimamisha gari haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Mwambie kwamba breki za lori hufanya kazi kwa upepo, na geji ikishuka maana yake upepo unavuja: asimame mahali salama angali na uwezo wa kusimama, kwa kuwa upepo ukipungua sana breki za springi zitajikaza zenyewe, pengine katikati ya kona. Mwambie kwamba gari likifa usiku, simu ya tajiri ni jambo la mwisho. Kwanza ni taa za tahadhari, kisha kabari chini ya gurudumu, kisha pembetatu zinazong'aa, mbali kiasi cha mwenye mwendo kuweza kusimama. Matawi ya miti tunayotupa barabarani hayang'ai gizani, na mara nyingi yanabaki pale gari likishaondoka, mpaka watu wanazoea kuyapuuza.

Na shehena ina elimu yake. Mafuta katika tangi lisilojaa hucheza. Dereva akikata kona yanahamia upande mmoja na kulivuta gari lianguke. Sisi wa ziwa hili hatuna haki ya kutolijua hilo. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, kati ya Uvira na Bukavu, upande wa pili wa kaskazini ya ziwa letu, lori la mafuta lilipinduka kijijini. Watu walikuja kuchota, wengine walikuwa karibu wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto uliwaka na zaidi ya watu 200 walikufa. Miaka tisa baadaye, tarehe 10 Agosti 2019, tuliyaona yale yale Msamvu, Morogoro, na waliokufa walizidi 100. Sisemi madereva wale walikuwa na leseni za kununua, sijasema hivyo. Nasema mafuta yaliyomwagika hayasomi karatasi. Mtu wa kwanza kufika penye ajali ya lori ni dereva mwenyewe, akiwa hai, na asipojua kuwafukuza watu na kuzuia sigara na pikipiki zisikaribie, hakuna mwingine atakayejua.

Babu zetu walioishi hapa Ujiji zama za misafara walikuwa na hekima hiyo. Mzigo wa mpagazi ulipimwa, ukawa kama frasila mbili. Kiongozi wa msafara alikuwa mtu aliyekwisha kuijua njia, ajuaye maji yako wapi na watu wapumzike lini. Hakuna tajiri aliyemkabidhi pembe zake mtu aliyeanza kutembea jana. Sisi leo tunamkabidhi kijana asiyejua kitu lori la kwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,200, na tunampigia simu njiani kumwuliza mbona anachelewa. Anachelewa kwa sababu ana usingizi, bwana tajiri. Mwache alale.

Basi nayataka mambo matatu. Kwanza, mtihani wa leseni ya mizigo uulize "kwa nini" na si "ngapi" tu, kwa Kiswahili, mdomoni na kwenye karatasi, tena mbele ya gari lenyewe. Pili, kama sisi walimu tulivyofanya mazoezi ya kufundisha huku mkufunzi ameketi nyuma ya darasa, dereva mpya naye akae muda maalumu kando ya dereva mzoefu, na daftari lisainiwe safari kwa safari. Tatu, tajiri anayeajiri kwa haraka akijua leseni imenunuliwa, ahesabiwe mshiriki wa ajali. Na la nne, ambalo si la serikali bali ni letu walimu: tuache kumtukana mtoto kwa kazi ambayo maisha yetu yamo mikononi mwake.

Yule dereva wa Kalinzi alifariki kwa maradhi, kitandani kwake, na sikuwahi kumwomba radhi kwa maneno. Makala haya ni radhi yangu iliyochelewa.

Kuhusu mjukuu wangu, nilimwambia ada ya chuo nitalipa yote, nauli na chakula juu yangu. Hajajibu. Idd iliyopita alipita barabarani mbele ya baraza, akamsalimu jirani, mimi hakunitazama. Mama yake naye huja kwa nadra. Inaniuma, sitaficha. Lakini nimewahi kusimama makaburini mara nyingi mno nikiwazika niliowafundisha, na najua tofauti. Huyu ananinunia akiwa hai, na fedha ya ada bado nimeiweka.